Kinyonga mchanga anayejificha: jibu kwa mama wa Muhumba

Mama mmoja wa Muhumba, hapa Bukavu, ameniandikia hivi: «Binti yangu wa miaka 11 alimwokota kinyonga mdogo, urefu kama kidole cha kati, siku jirani walipokuwa wakikata ua wao. Tumemweka katika sanduku la kioo mezani sebuleni, na matawi mawili na kisahani cha maji. Sasa ni wiki mbili. Tukimkaribia anageuka mweusi na kuzunguka nyuma ya tawi, na akishikwa anaachama mdomo. Tukiwa tunamtazama hali kitu. Watoto wanamshika kila jioni ili atuzoee, lakini naona anazidi kuogopa. Tufanye nini? Na ni kweli kwamba ana sumu?»

Mama, kuanzia jioni ya leo watoto waache kumshika. Hilo ndilo la kwanza. Na wasiache kwa siku mbili tatu tu: waache mpaka mwenyewe aanze kula mbele yenu bila kujificha, na hilo laweza kuchukua mwezi au zaidi. Mengine yote nitakayoeleza hapa hayatafaa kitu ikiwa kila jioni anabanduliwa kwenye tawi lake kwa nguvu.

Sumu hana. Hana jino la sumu, hatemi mate, ngozi yake haidhuru. Akiuma, atambana mtoto kidole kidogo na kuachia. Najua yanayosemwa mitaani kwetu, toka Kadutu hadi Bagira, kwamba ni mnyama wa nuksi, na nimewaona watu wazima wakimpiga mawe mpaka afe. Binti yako alimwokota pale ambapo wengine wangemponda, na ningependa umwambie kwamba alifanya vema. La kuangalia ni moja tu: wanyama wa jamii ya mijusi huweza kubeba vijidudu vya kuharisha tumboni mwao bila wenyewe kuugua. Kwa hiyo kila anayegusa tundu lake anawe mikono kwa sabuni, na kitoto kidogo nyumbani, kama yupo, asimguse kabisa.

Sasa tumsikilize mwenyewe. Kinyonga hana mbio. Hana shimo la kukimbilia wala kucha za kupigania. Maisha yake yote yanategemea kutoonekana, na siku akionekana na mwewe au nyoka, mara nyingi ndiyo siku yake ya mwisho. Anapozunguka nyuma ya tawi mnapomkaribia, hafanyi ukaidi. Analiweka tawi kati yenu na yeye, kama mababu zake walivyofanya, na kinyonga anayefanya hivyo bado ana nguvu na akili timamu. Kila jicho lake huzunguka peke yake, moja mbele na jingine nyuma, hata anaona karibu pande zote bila kugeuza kichwa. Kabla hamjafika mezani alikwisha kuwaona mlangoni. Na ule mkono unaoshuka kutoka juu kumchukua, kwake ni mwewe. Hawezi kujua kwamba ni mkono wa mtoto anayempenda.

Kuhusu rangi, watu wengi wamefundishwa kwamba kinyonga hufuata rangi ya kitu anachokanyaga. Sivyo ilivyo. Rangi yake hueleza zaidi joto la mwili na hali ya moyo: ametulia, ameudhika, anaogopa, anamtisha mwenzake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakichunguza kinyonga wa Madagaska, walionyesha kwamba ndani ya ngozi yake mna vifuwele vidogo mno, na umbali kati ya kifuwele na kifuwele hubadilika anapotulia au anaposisimka; mwanga ukivigonga hurudi kwa rangi nyingine. Kwa hiyo mnaweza kumsoma. Akiwa mweusi asubuhi, amejibapa na kuelekeza ubavu mmoja kwenye jua, anaota joto, mwacheni. Akiwa kijani kisha akaiva giza ninyi mnapoingia, hiyo ni hofu. Akiwa na giza mchana kutwa huku amefumba macho, huyo ni mgonjwa, na nitarudi kwake hapo chini. Usiku, akiwa salama, hupauka na kujikunja mkia kama fundo la kamba kwenye ncha ya kitawi.

Hofu ya siku moja humpita. Hofu ya kila jioni humla taratibu: anaacha kula, anakauka, anakosa nguvu ya kupambana na ugonjwa, na kinyonga mchanga hana akiba mwilini ya kumvusha. Tuna methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Huyu mgeni wenu msimpe jembe hata siku ya thelathini.

Sanduku la kioo liondoeni. Nasema hivyo nikiwa na uchungu, maana kinyonga wangu wa kwanza, nikiwa kijana, nilimweka kwenye kioo vilevile nikidhani nimemjengea kasri, na hakumaliza miezi miwili. Katika kioo anaona kivuli chake mwenyewe na kudhani kuna kinyonga mwingine anayemkabili, asubuhi hadi jioni, wala hawezi kumkimbia. Hewa hutuama humo na unyevu hukaa, na mapafu huanza kuugua. Jua likipiga, kioo hugeuka tanuri kwa dakika chache. Na lililo baya zaidi halionekani kwa macho: ile sehemu ya mwanga wa jua inayomsaidia kujenga mifupa haipenyi kioo.

Mwombeni seremala fremu ya mbao nyepesi, kimo cha sentimita 60 hivi, upana wa 40, pande zote zikiwa wavu wa plastiki ule wa kuzuia mbu madirishani. Wavu wa chuma humkwaruza vidole. Kwa mtoto wa kinyonga tundu kubwa mno si zuri, chakula kitampotea, atakapokua mtamwongezea. Litundikeni juu, au liwekeni juu ya kabati, hata awe amepita vichwa vyenu mkisimama. Mnyama wa kwenye miti akitazamwa kutoka juu hatulii, lakini akiwatazama ninyi kutoka juu, nusu ya hofu inamtoka siku hiyohiyo. Pande mbili za tundu ziegemee kona ya ukuta ili asilazimike kulinda pande zote nne. Liwe mbali na televisheni na mahali watoto wanapopishana, na mbali kabisa na moshi wa mbabula, lile jiko la makaa. Dawa ya mbu, iwe ya kupuliza au ya kuchoma, isitumike tena katika chumba hicho.

Ndani muweke mmea hai kwenye kopo, hibiskusi inafaa sana, pamoja na matawi ya mpera yenye unene wa kalamu ya risasi, mengine yamelala, mengine yameinama. Mguu wake umegawanyika kama koleo, vidole viwili upande huu na vitatu upande ule, na tawi nene kupita mshiko wake humchosha. Nusu ya tundu ijazeni majani mpaka msiweze kumwona akiingia humo. Utaniuliza: tundu la mnyama asiyeonekana lina faida gani? Mama, hapo ndipo siri yote ilipo. Kinyonga asiye na pa kujificha hukaa amejificha siku nzima, nyuma ya kitawi chake kimoja, amekakamaa. Aliye na kichaka chake hutoka, kwa sababu anajua mlango wa kurudi uko wapi. Nimeona hivyo mara nyingi mno kuwa na shaka nalo.

Kisahani cha maji mnaweza kukirudisha jikoni. Kinyonga hunywa matone yanayong'aa kwenye majani, kama umande, na maji yaliyotulia mara nyingi hata hayatambui kuwa ni maji. Chukueni chupa ya kunyunyizia kama zile za saluni, myanyunyizie majani asubuhi na alasiri, polepole, dakika mbili tatu kila mara, bila kumpiga yeye usoni. Vinginevyo toboeni chupa ya plastiki kwa sindano, muiweke juu ya tundu idondoke tone kwa tone juu ya majani, na chini muweke beseni. Majani yakauke kabla ya kuloweshwa tena. Mtajua kama anakunywa vya kutosha kwa kuangalia kinyesi: sehemu ya mkojo, ile iliyo ngumu kama chokaa, iwe nyeupe. Ikiwa ya manjano iliyoiva au ya rangi ya chungwa, ana kiu. Macho yakizama ndani, kiu imekwisha kuwa hatari.

Baridi ya Bukavu isiwatie hofu. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi, na vinyonga wa milima ya Kivu wameumbwa kwa hali hii hii: mchana wa vuguvugu, usiku wa kupoa. Kwa maelezo yako, na kwa kuwa aliokotwa uani katikati ya mji, nadhani ni yule mdogo ambaye wataalamu humwita Trioceros ellioti, mwenye mistari miwili mitatu ubavuni, ambaye hatagi bali huzaa watoto hai. Lakini kama ni dume na mkaona vijipembe vitatu vinachomoza usoni, basi ni Trioceros johnstoni, mkubwa zaidi, aina inayotaga, na akikua atapita urefu wa kiganja cha mtu mzima. Matunzo ya wote wawili yanafanana. Joto linalopita nyuzi 28 huanza kuwaudhi, na mtoto hupata joto kupita kiasi upesi kwa sababu ya udogo wa mwili. (Binti yako huenda akafurahi kujua kwamba kundi moja la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki na ya Kati lilipewa mwaka 2006 jina la kisayansi Kinyongia, lililochukuliwa kwenye neno letu la Kiswahili.)

Jua tunalo bure. Wenzetu wa Ulaya hununua taa maalumu kwa pesa nyingi na kuzibadili kila baada ya muda. Sisi, umeme ukikatika au usikatike, tulitoe tundu lote nje saa 2 au saa 3 asubuhi, tulitundike kwenye mti au barazani, nusu juani na nusu kivulini, kwa nusu saa hadi saa nzima. Kivuli kiwepo daima, awe na uhuru wa kuchagua. Mtu akae karibu, kwa ajili ya paka, kuku na kunguru.

Jua peke yake halimalizi kazi, maana wadudu tunaoweza kumpa wana kidogo tu ya kalisi, madini ya kujenga mifupa. Kinyonga mchanga anayekua akikosa kalisi, taya hulainika, miguu hupinda kama upinde, mshiko hulegea na mwisho huanguka kutoka tawini. Nimewaona wengi wakifa hivyo huku wanaowafuga wakidhani wamerogwa. Dawa iko jikoni. Chukueni maganda ya mayai, myachemshe, myaanike yakauke kabisa, kisha myasage na kuyachekecha mpaka yawe laini kama poda ya mtoto. Wadudu watieni kwenye mfuko na kiasi kidogo cha poda hiyo, mtikise kidogo, halafu wapeni. Kwa umri wake, karibu kila siku.

Na chakula chenyewe? Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa wema. Wanaona ulimi wake unaruka mbali, mara moja na nusu ya mwili wake au hata zaidi, wanamletea panzi mzima. Kipimo ni nafasi iliyo kati ya macho yake mawili: mdudu asiupite upana huo. Kwa kinyonga wa urefu wa kidole, hiyo ina maana ya vinzi vidogo vya matunda, vinyenje na vipanzi vichanga vya nyasini, na nzi wa kawaida wadogo. Vinzi vya matunda mtavifuga wenyewe. Tieni ndizi iliyoiva mno ndani ya kopo, lifunikeni kwa kitambaa kilichotobolewa matundu madogo, na liwekeni kivulini. Baada ya siku chache vitaingia na kutaga, na baada ya kama wiki mbili mtakuwa na kizazi kipya. Likisha kujaa, wekeni kopo lenyewe ndani ya tundu, chini ya tawi lake analolipenda. Atakaa juu yake kama mzee kwenye baraza lake, akidokoa kimoja baada ya kingine, na wala hatahitaji kuwaona ninyi. Kwa mnyama mwoga hakuna namna bora ya kulishwa.

Nyenje mkiwapata, walisheni kwanza siku nzima karoti, papai au boga, kwa sababu alichokula mdudu ndicho kinyonga anachokula. Msitafute wadudu kwenye mashamba na bustani zilizopigwa dawa; hapa mjini mboga nyingi hupigwa dawa. Vimulimuli waacheni kabisa, baadhi yao wana sumu inayoua mijusi. Funza wale wanene wa mafuta wapeni kwa nadra. Alishwe asubuhi, baada ya kuota jua, kila siku, kadiri atakavyokula kwa robo saa hivi. Jioni toeni nyenje waliobaki, kwa maana usiku wao ndio humtafuna yeye akiwa amelala.

Kuna siku atakataa kula bila kuwa mgonjwa. Watoto wa kinyonga hujichubua ngozi mara kwa mara. Siku moja au mbili kabla yake hupauka, hujificha zaidi na hula kidogo. Ngozi inatoka vipande vipande, msiivute. Kilicho kibaya ni hiki: macho yamefumbwa mchana, mdomo unaachama akiwa peke yake na anavuta pumzi kwa shida, analala chini ya tundu, mshiko umelegea, taya limevimba, siku nne bila kula. Ukiona mojawapo, mpelekeni kwa veterineri siku hiyohiyo, ndani ya katoni yenye matundu na kitawi cha kushika, gizani, bila kumtoatoa njiani. Wengi wa maveterineri wetu wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa, na nawaheshimu sana, lakini dawa ya ng'ombe ikikadiriwa kwa macho humuua mnyama wa gramu chache. Apimwe kwanza kwa mizani ndogo, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu, na msikubali sindano kabla uzito haujaandikwa.

Sasa niseme jambo ambalo binti yako labda hatalipenda. Huyu hakuzaliwa kwa wafugaji. Ni mtoto wa ua wa miti wa Muhumba, na mahali pake bora kuliko tundu lolote ni ua wa miti wa Muhumba. Baada ya wiki mbili ndani ya kioo huenda amekonda, kwa hiyo mtunzeni kwanza kama nilivyoeleza kwa mwezi mmoja hivi. Akiwa amenenepa, ameshika tawi kwa nguvu na kula kila siku, ningemchukua asubuhi yenye jua na kumweka juu ya kichaka kinene, karibu kabisa na pale alipookotwa, au kwenye ua wenu kama haukatwi. Msimpeleke kwenye hifadhi ya Kahuzi-Biega mkidhani mnamfanyia hisani: si kwao, na anaweza kuwapelekea ugonjwa wenzake wa msituni. Na mkiamua kubaki naye, abaki yeye mmoja. Vinyonga wawili katika tundu moja hudhuriana hata kama hawapigani. Msinunue mwingine kwa mtu anayewatembeza barabarani, wala msivuke naye mto Ruzizi wa mpakani ndani ya mkoba. Vinyonga wa namna hii wamo tangu 1977 katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama pori, na nchi yetu imo katika mkataba huo. Bila kibali huwezi kuwavusha mpaka.

Lakini mwezi huo mmoja tayari unatosha kuanza kumzoesha, na kama ndilo lililokuwa swali lako, hivi ndivyo ningefanya na watoto. Wiki ya kwanza hakuna anayekwenda kwenye tundu ila mtu mmoja, asubuhi, kunyunyiza maji na kuweka kopo la vinzi, kisha aondoke. Wiki ya pili mtu huyohuyo, ningemchagua binti yako, akae kwenye kiti upande mwingine wa chumba anaposomea masomo yake. Asimkodolee macho, macho mawili yaliyokazwa mbele ni macho ya mnyama mwindaji. Amtazame kwa pembeni. Siku kinyonga atakapokula mdudu huku binti yuko chumbani, kiti kisogezwe hatua moja, si mbili. Akigeuka mweusi, kirudishwe nyuma na hakuna aliyeshindwa.

Atakapokula binti akiwa karibu na tundu, binti aanze kumpa nyenje mmoja kwa ncha ya kijiti kirefu cha mwanzi, akipitisha kutoka chini na mbele, polepole, na kukishikilia bila kutikisika hata dakika tano. Kijiti kifupishwe kidogo kila baada ya siku kadhaa. Wapo vinyonga wasiovuka hatua hii maisha yao yote, wanakula kwa kijiti na kurudi majanini, nao wana afya njema na wanaishi vizuri. Wengine husonga mbele. Kwa hao, fungueni mlango wa tundu, binti aweke kiganja wazi kwenye usawa wa tawi, mbele yake, si juu yake, na nyenje akae mbali kidogo kwenye kiganja hicho. Atasimama, atayumba mbele na nyuma kama jani lenye upepo, jicho moja kwa nyenje na jingine kwa uso wa binti. Pengine ataweka mguu mmoja kwenye kidole, kisha aurudishe. Asimvute. Amwachie nyenje kwenye tawi, aondoe mkono polepole, afunge mlango, na kesho asubuhi arudi saa ileile.